Nyuzi Saba

Mlango wa jikoni, mwimo wa kushoto,
una chale nane za kisu cha babu Vazha.
Mgeni akiziona hudhani ni panya.

Mama alipoondoka nilikuwa na miaka minne.
Basi dogo la Italia, siku nne barabarani,
begi moja, jibini ya chumvi,
na namba ya simu ya binamu kiganjani.
Huko Bari alipewa ajuza wa kumwosha,
kumgeuza, kumlisha supu,
kumbembeleza kwa lugha ya watu.
Huku Racha, mama yake mzazi
alibaki na mimi, na ng'ombe mmoja,
na theluji iliyofika madirishani.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Aliyesema hakumwona Bebia Nazibrola
akinibeba mgongoni usiku ule wa homa,
kilomita sita hadi kwa mganga wa wilaya,
akihesabu hatua kwa sauti
ili nisilale.

Babu hakuiamini simu.
Sauti, alisema, haina kimo.
Kwa hiyo kila vuli, zabibu zikishakamuliwa
na divai changa ikinung'unika ndani ya mitungi iliyozikwa,
aliniita: "Lasha, vua viatu.
Shusha visigino, mwizi wewe."
Kisu juu ya utosi. Chale.
Bebia akanyoosha uzi mwekundu wa sufu
toka sakafuni hadi pale penye chale,
akaukata kwa meno,
akautia katika bahasha
na punje mbili za kitunguu saumu.
Kwa nini kitunguu saumu, sijui mpaka leo.
"Kuna nini humu?" dereva wa basi akauliza.
"Mtoto," babu akamjibu.

Hawakuniambia kamwe kwamba wananipenda.
Bebia alijifunza sehemu za hesabu akiwa na miaka sitini na sita,
peke yake, taa ikivuta moshi, daftari langu likiwa magotini,
ili kesho yake apate haki ya kunikaripia.
Alikata mkate wa mahindi vipande vinane:
"Robo tatu ni ngapi? Kosea, ule robo."
Nilikosea. Nilikula wote.

Nilipofika kumi na moja mama akarudi.
Nikajificha nyuma ya aproni.
Hakunivuta. Alifungua boksi la viatu,
akazipanga nyuzi saba mezani, fupi hadi ndefu,
akaichukua ya mwisho, akapiga magoti,
akanipima.
Nilikuwa nimeipita kwa vidole vinne.
Vile vidole vinne ndivyo vilivyomliza.

Bebia akanisukuma mbele, taratibu,
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani
ikiwa imesuguliwa.
"Kuni zimekwisha," akasema, akatoka.
Kuni zilikuwa zimepangwa hadi darini.
Kupitia dirishani nilimwona amesimama uani,
mikono mitupu,
ng'ombe akimlamba mkono wa sweta.

Leo babu yuko kilimani, nyuma ya kanisa.
Kisu kimebaki kwangu.
Wiki iliyopita nilileta uzi mwekundu.
"Bebia, vua viatu."
Akavua. Akaegemea mwimo.
Akanyanyuka kwa ncha za vidole,
na miaka yake themanini na tisa.
"Shusha visigino," nikamwambia, "mwizi wewe."
Akacheka mpaka akashika mlango.

Ile chale ya nane ni yake.
Imeangukia kidole kimoja juu ya mwaka wangu wa kumi,
na mwakani, nadhani, itakuwa chini yake.
Nilinyoosha uzi, nikaukata kwa meno.
Una ladha ya moshi na mafuta ya kondoo.

"Mpe dereva," akasema, akitafuta viatu vyake.
"Mpelekee Vazha. Aone nilivyokwisha njiani."

Nimeuweka mfukoni, na kitunguu saumu.
Basi la huko sijui lini linapita.